Aliyeweka Sahihi Apande

Ukitaka kujua kwa nini watu wa Kampala wanalipa pesa za maana ili gari limwagwe oili ya zamani na kutiwa mpya, usianzie karakana. Anzia launji. Launji ya kampuni ile ya magari pale Nakawa, upande wa viwanda, ilikuwa na makochi meupe, televisheni iliyofungwa sauti, na mashine ya kahawa iliyokoroma kama mjomba aliyeshiba. Mteja akiingia tu, anaitwa kwa cheo asichokuwa nacho. Akifika kikombe cha pili, ankara inateremka yenyewe bila kumkwama kooni. Kati ya launji na karakana kulikuwa na ukuta wa kioo, na kioo chote kilibandikwa karatasi nyeupe ya ukungu, juu yake kukaandikwa kwa Kiingereza kikubwa kwamba kampuni haina la kumficha mteja.

Aliyetawala launji hiyo alikuwa Moreen Nanyama, Mbukusu wa Bungoma, mwaka wake wa nne Kampala. Cheo chake kiliitwa mshauri wa huduma. Maana yake alipokea ufunguo, akajaza karatasi, akapendekeza. Kupendekeza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Hayo mengine yangefanywa na yeyote mwenye kalamu. Alipendekeza kusafishwa kwa nozeli, alipendekeza kuoshwa kwa rejeta, na alipendekeza kwa sauti ya upole hata wateja wakamshukuru kwa kuongezewa gharama.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, na Moreen alikuwa na lake moyoni. Meneja, Byron Oyugi, Mjaluo wa Kisumu aliyeletwa kutoka Nairobi pamoja na tai zake kumi na mbili, alikuwa achague mkuu wa mapokezi siku ya Jumatatu. Cheo hicho kilikuja na posho ya nyumba. Moreen alikuwa na chumba kimoja Bugolobi ya chini, na bintiye Dolphine, wa miaka saba, alikuwa Bungoma kwa bibi yake tangu akiwa na miaka mitatu. "Nikipata vyumba viwili tu, namchukua," Moreen alimwambia mama yake kila Krismasi. Tuseme ukweli, alitamani kile cheo mpaka kifua kinamuuma. Na Byron alikuwa amesema wazi anachotaka: kila mteja aongeze kitu, na asiwepo hata mmoja wa kulalamika.

Saa tatu kasoro simu ya mezani ikalia. Alikuwa Erinayo, askari wa langoni.

"Madamu Moleeni, huku kuna mzee. Amekuja na kiti."

"Kiti cha gari kimeharibika?"

"Nedda, kiti ya kukalia. Ya plasitiki. Anasema gali yake haiguswi kama yeye hajakaa."

Moreen akafumba macho. Aliyeishi Kampala hahitaji kuelezwa. Kwenye gereji za barabarani, gari haliachwi na fundi. Mtu anakaa nalo. Anakuja na chakula chake, na gazeti lake, na wapo akina mama wanaokuja na mchele wa kupeta. Fundi anafungua, mwenyewe anaangalia. Ukiteleza ukaenda kununua soda, unarudi unakuta betri imezeeka miaka mitatu ndani ya dakika tano. Kukaa na gari ni ada ya mji, na kampuni ilijengwa mahsusi kwa ajili ya watu waliochoka kukaa. Hicho ndicho walichokuwa wakilipia, kuachana na kiti.

Na sasa kiti chenyewe kilikuwa kinaingia launji. Kilikuwa cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa waya mwekundu, na aliyekibeba alikuwa mzee mrefu, kofia kichwani, viatu vinang'aa kuliko sakafu.

"Karibu sana, mheshimiwa," Moreen akasema.

"Mimi si mheshimiwa. Mimi ni Ochan. Sajini meja, transport ya jeshi, sasa mustaafu, nakaa Makindye. Gari ni ile ya viti saba." Akaweka kiti chini, akakishikilia. "Musichana yangu Akidi iko Uingereza, ni nasi ya hospitali. Amelipa huduma yote kwa simu. Amesema, baba, achana na hawa fundi ya barabara. Kesho asubuhi nabeba bibi yangu na wajukuu tano mpaka Gulu, kuna harusi. Kwa hiyo nimekuja kuona pesa ya mutoto yangu inafanya kazi gani."

Moreen akatabasamu lile tabasamu la mwisho wa mwezi. "Kwa safari ndefu kama hiyo, afande, tunapendekeza pia kusafisha nozeli."

"Iko chafu?"

"Kwa gari la umri huu, mara nyingi huwa."

"Umeiona?"

"Hapana, afande. Ni pendekezo tu."

"Basi andika: hajaiona."

Akajaribu rejeta. Mzee akauliza kama ameiona. Akajaribu mafuta ya gia, mzee akauliza vilevile, bila hasira, kama daktari anayeuliza maumivu yako wapi. Kwa mara ya kwanza mwezi ule Moreen akafunga karatasi bila kuongeza chochote.

"Sasa nionyeshe mahali ya kiti," Ochan akasema.

Hapo Byron akatokea, maana habari ya kiti ilikwisha kumfikia. Akamshika mzee bega kwa upendo wa ghafla. "Mzee wangu, bima yetu haituruhusu kuingiza mteja karakana. Kitu kinaweza kukuangukia."

"Kitu gani?"

"Chochote. Hata gari, kwa mfano."

"Kwani hapa gari inaangukaga?"

Launji ikacheka. Kwenye kochi la pembeni alikuwa amekaa mama mmoja, Sumayiya, muuza vitambaa wa soko la Nakawa, na mtoto mchanga kifuani. Gari lake dogo jekundu lilipokelewa alfajiri, nalo lilikuwa kwenye foleni ya kuoshwa. Akaacha kutazama televisheni isiyosema, akainua simu yake, kamera mbele. Byron aliogopa bima, lakini simu ya mwanamke aliyekaa bure aliiogopa zaidi. Dakika tano baadaye Ochan alikuwa amevalishwa kizibao cha manjano na helmeti juu ya kofia yake, akaandikwa kitabuni kuwa mgeni wa ukaguzi, kiti kikapelekwa karakana.

Fundi aliyepewa gari lake aliitwa Jasper, wa kabila la Lango kutoka Lira, mtoto wa polisi aliyekulia kwenye kambi za Naguru. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ilibidi iwe. Ukutani kulikuwa na ubao wenye majina ya mafundi na hesabu ya magari, na fundi asiyetoa magari tisa kwa siku aliulizwa ana tatizo gani nyumbani. Kila gari lilikuwa na karatasi yenye mambo arobaini na mawili ya kukaguliwa, kila jambo na kisanduku cha kutia alama. Kuyakagua kweli yote ni kazi ya saa tatu, nne. Jasper hakuwa mwizi. Alikuwa na dakika arobaini.

Siku hiyo dakika hizo zilikalia kiti cha plastiki na kukunja mguu.

"Oili gani hiyo? Geuza nisome. Fungua mbele yangu. Haya." Ochan hakupaza sauti hata mara moja. Alitoa chaki mfukoni akachora msalaba kwenye filta ya zamani ya hewa, akachora kwenye plagi, na kila kitu chenye msalaba ilibidi kitoke. Jasper akabadilisha filta ya hewa, akasimama kidogo akiitazama ile mpya. Alikuwa amesahau kwamba zikiwa mpya huwa nyeupe.

Ilipofika saa saba mchana walikuwa wamefikia jambo la kumi na tisa. Magari mengine ya Jasper yalipanga foleni mpaka kwenye bomba la kuoshea. Byron akampigia Moreen. "Nenda huko ndani umalize hilo balaa. Na Moreen, mpaka sasa jina lako ndilo la kwanza kwenye karatasi yangu. Usiniangushe."

Moreen akaingia karakana na viatu vyake vya visigino, akiruka madimbwi ya oili. Alikuwa hajaingia humo tangu wiki yake ya kwanza ya kazi. Kwa nini aingie? Karatasi humfuata mezani ikiwa imejazwa, yeye huisoma kwa sauti tamu, huweka sahihi mahali palipoandikwa Nimethibitisha, na mteja huondoka amefarijika.

Alimkuta Ochan anasimama, anajinyoosha. "Hata jeshi inakula," mzee akasema, akavua helmeti, akavua na kofia yake akaiweka juu ya kiti. "Hii inabaki hapa kuwaangalia." Akaenda langoni, ambako Erinayo alikuwa na posho, ule ugali wa Kampala, na maharage ya kutosha wawili.

Alipopotea tu, Jasper akachukua kalamu. Kuanzia ishirini hadi arobaini na mbili, alama zikateremka kwenye karatasi bila kalamu kuinuliwa, chap, chap, chap, kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye nyama. Zikaisha kabla Moreen hajapata pa kuweka mguu mkavu.

"Jasper."

"Madamu, nina magari sita nje."

"Breki umefungua?"

"Nimeziangalia."

"Umeziangalia na nini? Matairi yote bado yamefungwa."

"Kwa uzoefu," Jasper akasema, akampa karatasi.

Moreen aliona haya, tena haya ya kweli, ya kupandisha joto masikioni. Alijua siku zote kwamba mambo huenda haraka huko nyuma ya kioo. Lakini kujua ukiwa launji na kuona ukiwa karakana ni vitu viwili. Akaitazama kofia juu ya kiti. Akamfikiria Dolphine, na vyumba viwili, na Jumatatu. Akaitoa kalamu yake, akaandika M. Nanyama kwa ule mkia mrefu aliojifunza shule ya upili, akapuliza wino ukauka. Usimcheke. Ilikuwa sahihi ya tano siku hiyo, na ile ya gari la Sumayiya ilikuwa ya pili, imeandikwa vilevile, tena bila hata kunyanyuka kitini.

Ochan akarudi ameshiba na mchangamfu. Akavaa miwani, akaisoma karatasi jambo kwa jambo, kidole kikitangulia. Alipofika chini akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu, afande."

"Na hii?"

"Ya Jasper."

"Vizuri sana." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafungua mlango wa mbele wa abiria na mlango wa nyuma. "Haya. Pandeni."

"Tupande twende wapi, afande?"

"Kwetu transport, gari ikitoka karakana, aliyeweka sahihi anapanda safari ya kwanza. Fundi na mukubwa yake, wote. Tunapanda Mbuya juu, tunashuka ile muteremko mpaka Bugolobi. Huko chini ndio tunajua sahihi ilikuwa ya kweli." Akacheka kwa kumbukumbu nzuri. "Nilikaa transport miaka ishirini na mbili. Sijaona fundi amesahau nati."

Mteremko wa kutoka Mbuya, kwa asiyeujua, ni ule ambao hata mwendesha boda hukumbuka dini yake. Jasper akaitazama ile milango iliyofunguliwa. Kwanza akasema magari mengine yatabaki na nani. Kisha akasema tumbo linamkata tangu asubuhi. Kisha simu yake, ambayo haikulia, ikamletea habari ya dharura ya mama yake kutoka Lira.

Byron akaja mbio, tai begani. "Kuna shida gani tena?"

"Hakuna shida, meneja," Ochan akasema. "Na wewe panda, muhuri ni ya kampuni."

"Mimi? Mimi nina mkutano." Akarudi nyuma hatua mbili. "Lakini Moreen anaweza kwenda. Nenda naye, Moreen, ni raundi moja tu."

Moreen hakuona mlango wa kutokea. Akipinga kupanda, amekiri. Akipanda, basi tena. Akapanda. Akaketi, akavuta mkanda, mkanda ukafanya tak. Mzee akazunguka kwenda upande wa usukani huku akipiga mluzi. Moreen akashusha kioo.

"Jasper," akasema polepole. "Hili gari linasimama?"

Jasper alitazama spana. Akatazama dari. Jasho jembamba likamtoka puani.

"Niambie wewe, ndugu yangu. Nina mtoto mimi. Likiwa kwenye mteremko, linasimama?"

"Madamu," Jasper akasema, "hebu shuka kidogo. Nilete jeki."

Matairi ya mbele yalitoka, breki zikawa nzuri. La nyuma kushoto, nzuri. La nyuma kulia lilipotoka, Jasper alipiga mluzi wa aina nyingine. Pedi zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma, na diski imechorwa mifereji. Na pale ambapo palitakiwa bolti ya kushikilia breki, palikuwa na waya. Waya mwekundu, umezungushwa vizuri mara tatu, ncha imekunjwa ndani kwa adabu isimchome mtu.

Ochan akainama. Akauangalia waya kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akauangalia mguu wa kiti chake.

"Hii waya naijua," akasema. "Hii ni Ogwal."

Ikabidi aeleze, na alieleza kwa shida. Ogwal alikuwa mwenzake wa jeshi, sasa ana gereji chini ya mlima Makindye. Wiki mbili zilizopita alimtengenezea breki, na kwa urafiki akamfungia pia mguu wa kiti, bure. Ochan alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti kilekile, hatua moja kutoka kwenye tairi.

"Nilikuwa nimekaa hapa," mzee akasema, akionyesha hewa karibu na goti lake. "Hapa! Ogwal alikuwa ananikumbusha siku ile ng'ombe iliingia kwenye hema ya kamanda. Tulicheka mpaka machozi. Nilikuwa naangalia, binti yangu, naangalia kabisa, na sikuona." Akavua miwani. "Wajukuu tano."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee alisikitika waziwazi, na Moreen akamwonea huruma kuliko alivyojihurumia mwenyewe.

"Na Ogwal hukumwambia apande?" Jasper akauliza.

"Ogwal ni rafiki. Rafiki unamwambiaje apande?"

Byron, ambaye mkutano wake ulikuwa umekwisha ghafla, akaona upenyo. "Unaona sasa, mzee? Ndiyo maana tunawaambia watu waachane na gereji za barabarani. Hapa kwetu—"

"Hapa kwenu karatasi inasema breki nzuri," Ochan akasema, akigusa mfuko wa shati. "Imesema hivyo saa saba. Imesema na muhuri."

Byron akageuka. Mlangoni Sumayiya alikuwa amesimama na simu yake, mtoto begani, na kwa sababu hiyo tu ndani ya dakika moja ikaamuliwa kwamba pedi mpya, diski mpya na bolti halali zitakuwa zawadi ya kampuni kwa mstaafu aliyelitumikia taifa. Jasper akayafanya yaliyobaki moja baada ya jingine, ishirini na tatu yote, kisanduku kwa kisanduku. Alikuta balbu mbili zimekufa na paipu moja inayovuja. Na nikwambie, alikuwa fundi mzuri mno alipopewa muda; hata yeye alianza kujisikia hivyo, akaacha kuutazama ubao.

Saa tisa unusu wakapanda wote watatu. Wakaupanda mlima Mbuya mpaka juu. Kileleni Ochan akageuza, akaliachia gari liteleze. Lilipochanganya mwendo akasema, "Pale kwa nguzo ya umeme," akakanyaga breki, gari likasimama kwenye nguzo ya umeme. Likaachiwa tena. "Pale kwa yule mama ya ndizi." Likasimama kwa mama wa ndizi, naye akadhani wanataka ndizi, akakaribia na sinia. Moreen alipiga kelele mara zote mbili. Kwenye kiti cha nyuma Jasper alikuwa akisali Baba Yetu kwa Kilango, lugha ya kwao, akifika kwenye mkate wa kila siku anarudia mwanzo.

Chini, karibu na taa za Bugolobi, mzee akaegesha kando.

"Binti yangu, nikuulize. Sahihi kama hii umeandika ngapi?"

"Nyingi, mzee. Miaka minne."

"Na gari ngapi ulipanda?"

Moreen akaitazama mikono yake mapajani. "Hili ndilo la kwanza."

Ochan hakumkaripia. Aliwasha taa ya kugeuka, akasubiri lori lipite, akawarudisha Nakawa. Kwenye geti akampa mkono, akamwambia Jasper ahsante, akapakia kiti chake na kwenda zake kumwambia Abalo, mkewe, kwamba sasa wanaweza kufunga mizigo.

Moreen alikuwa hajashusha pumzi alipomwona Byron katikati ya uwanja. Pembeni yake gari dogo jekundu liling'aa, limeoshwa mpaka nati, na Sumayiya alikuwa akimfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma.

"Huyu hapa," Byron akasema, na tabasamu lake lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi kwenye uso wa saa kumi jioni. "Moreen, mwambie mama gari lake liko sawa. Nimemwambia, lakini anataka kusikia kwako."

"Banange, mimi hata sitaki mtu apande," Sumayiya akasema. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa ameanza kulia. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Niambie tu liko sawa, dada, niende nyumbani."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Hakuna mteremko, hakuna mkanda, hakuna mzee wa kufungua mlango. Neno moja tu, lile analolisema mara kumi kwa siku, na Byron amesimama palepale na Jumatatu machoni. Moreen alifungua mdomo kulisema. Alikuwa kabisa amekwisha kulifikisha kwenye ulimi.

"Sijui, mama," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama liko sawa. Niliweka sahihi bila kuona. Hata sikunyanyuka kitini. Nisamehe."

Tabasamu la Byron lilibaki mahali pake kidogo, kama limesahauliwa na mwenyewe, kisha likaondoka. Sumayiya akamtoa mtoto kwenye kiti polepole. Hakuna aliyemtuma Jasper. Alikuwa amekwisha kuivuta jeki.

Wakayafungua matairi yote manne pale uwanjani, mbele ya wateja waliotoka launji na vikombe vyao. Moreen alichuchumaa kando ya kila tairi, sketi ya kazi ikapata doa la grisi ambalo halikutoka tena. Breki za gari la Sumayiya zilikuwa nzima. Nzima kabisa, zingeenda Mombasa na kurudi. Kilichokutwa ni filta ya hewa tu, karatasini imeandikwa mpya na yenyewe ni kahawia kama chai.

"Umeona?" Byron akamnong'oneza kwa hasira, mshipa wa shingo umemsimama. "Umejiharibia mbele ya watu wote, na gari lilikuwa sawa! Nilikwambia liko sawa!"

"Ndiyo," Moreen akasema. "Sasa tumeona."

Jumatatu cheo kikaenda kwa kijana wa idara ya mauzo, mwenye sauti nzuri sana, ambaye karakana anaijua kwa harufu. Moreen hakumwaga unga. Byron alitamani, lakini tangu asubuhi simu ya mezani ilikuwa haipumziki. Habari za Ijumaa zilikuwa zimesambaa, wateja walikuwa wanamuulizia yule dada anayepanda, na watu wawili walikuwa wamekwisha kuingia na viti.

Jioni hiyo Moreen alikataa lifti, akatembea kwa miguu kurudi Bugolobi, na njiani alilia kidogo kwa sababu alikuwa ameumia, asitake kujidanganya. Alipomaliza kulia akampigia mama yake.

"Umepata cheo?" mama akauliza hata kabla ya salamu.

"Sikupata."

"Ala! Basi mambo ya Dolphine tena mpaka lini?"

"Jumamosi naja kumchukua."

"Kumchukua umpeleke wapi? Si ulisema mpaka upate vyumba viwili?"

"Nilisema mengi, mama. Mfungie nguo zake."